Tundu la hedifoni limelegea kwenye MP3: mwimbaji wa solo anapotea, kinanda kinabaki. Naomba msaada

Sauti_ya_Tatu:

Habari zenu wakuu.

Nina MP3 ndogo ya kubana kwenye shati, ile inayotumia memori kadi, haina spika, ni ya hedifoni tu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na humo ndimo ninamoweka sauti za kufundishia: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu, ya nne, halafu wimbo mzima. Wanakwaya wangu wengi hawasomi nota, kwa hiyo kila mmoja anapewa asikilize sehemu yake kabla hatujaanza zoezi. Simu siitumii kwa kazi hiyo maana ikipigwa katikati ya wimbo zoezi linavurugika, na chaji ya hiyo MP3 inakaa kweli.

Sasa tundu la hedifoni limelegea. Mwanzoni upande wa kushoto ulikuwa unakatika nikitembea. Baadaye nikawa sina budi kuisukuma pini kwa kidole ndipo masikio yote mawili yasikie. Siku hizi limeongezeka jambo nisilolielewa: nikicheza wimbo mzima, anayeimba solo anapotea kabisa. Kinanda kipo, vitikio vipo kwa mbali, solo hakuna. Nikibonyeza pini anarudi, nikiachia anaondoka.

Nilipeleka kwa fundi mmoja hapa Morogoro akasema nyimbo zimeharibika, nizifute nipakue upya. Nyimbo hizohizo kwenye kompyuta zinaimba vizuri. Je, hili linatengenezeka au nianze kutafuta nyingine?

Spea_Kwanza:

Mwalimu nunua nyingine tu. Vile vidude si ghali, ufundi wake unaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Au hamia kwenye hedifoni zisizo na waya, matundu haya yameshapitwa na wakati.

Mvita_Kale:

Ndugu, si kila mtu ataka kubadilisha mfumo mzima kwa sababu ya kitundu kimoja. Hedifoni zisizo na waya nazo zataka chaji, na ukiwapitishia watu ishirini kila mmoja ni kuunganisha upya. Mwalimu ngoja mafundi waje. Mimi pia nina yangu ina maradhi hayohayo, nafuatilia kutoka Mombasa.

Kibano:

Mwalimu salaam. Nyimbo zako ni nzima, usifute hata moja. Ulichokieleza ni dalili ya ethi kukatika, na umeieleza vizuri kuliko wateja wengi wanaokuja mezani kwangu.

Ishike pini ya hedifoni uiangalie. Ina vipande vitatu vya chuma vilivyotenganishwa na mistari miwili. Ncha ni chaneli ya kushoto. Pete ya katikati ni ya kulia. Shina ni ethi, njia ambayo umeme wa masikio yote mawili unarudia. Shina lisipogusa, umeme unakosa njia ya kurudi, basi unajitafutia: unatokea kwenye ncha, unapita spika ya kushoto, unavuka hadi spika ya kulia na kurudi kwenye pete. Hapo kinachosikika ni tofauti kati ya kushoto na kulia, basi. Kitu chochote kilichorekodiwa sawasawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe. Na mwimbaji wa solo karibu siku zote anawekwa katikati, kiasi kilekile kushoto na kulia. Kinanda na vitikio vimetandazwa pembeni, ndiyo maana vinabaki, ingawa kwa sauti hafifu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kushoto kumekatika naangalia ncha, kulia naangalia pete, mwimbaji amepotea naangalia ethi. Wewe umeanza na kushoto ukafika kwenye ethi. Ugonjwa ukihama hivyo, mara nyingi ni tundu zima linalocheza juu ya bodi. Lakini tusikimbilie kufungua. Fanya kwanza majaribio ambayo hayahitaji bisibisi.

Chomeka hedifoni nyingine kwenye hiyo MP3, kisha chomeka hedifoni yako kwenye kifaa kingine. Waya hukatika sana pale unapoingia kwenye pini, na kuna watu wengi wamefunguliwa vifaa vyao bure kwa kosa la waya.

Zima, chukua tochi umulike ndani ya tundu. Nyuzi za nguo na vumbi la mfukoni hushindiliwa na pini hadi zinakuwa donge gumu huko chini, pini haifiki mwisho, kila mguso unakosa mahali pake. Toa kwa kijiti cha meno cha mti, polepole, ukikwangua kuelekea nje. Sindano hapana. Ndani mna ndimi nyembamba za chuma, ukizipinda umeongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Halafu washa wimbo, zungusha pini kwa vidole bila kuiegemeza upande wowote. Ikikwaruza wakati wa kuzunguka, ndimi ni chafu: tone dogo la spiriti kwenye pini, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, acha ikauke. Ikizunguka kimya lakini ikakatika ukiiegemeza juu au chini, shuku lehemu. Sikiliza pia ule mlio wa "tak" pini inapofika mwisho. Huo ni ulimi unaoingia kwenye shingo ya ncha. Kama haupo na pini inachomoka yenyewe, ulimi umechoka, hapo kulehemu hakusaidii, ni kubadilisha tundu.

Rudi na majibu.

NyayaMbili:

Nakazia kwa Kibano, kuna mtego mmoja. Mwalimu, angalia kama hedifoni yako ni ya simu, ile yenye maiki kwenye waya. Pini yake ina mistari mitatu badala ya miwili. Tundu la MP3 halijui habari za maiki, na baadhi ya hedifoni hizo hazielewani nalo: ethi ya tundu inaangukia kwenye kipande cha maiki, na matokeo yake ni hayohayo, mwimbaji anapotea.

Namna ya kujua: mwimbaji akiwa amepotea, bonyeza kitufe cha maiki na ukishikilie. Kitufe kile huunganisha njia ya maiki na ethi. Mwimbaji akirudi wakati umeshikilia, tundu lako halina tatizo, ni pini isiyoendana. Jaribu hedifoni ya mistari miwili na kesi imeisha.

Kibano:

NyayaMbili asante kwa hilo. Mwalimu anza na jaribio hilo kabla ya yangu yote.

Sauti_ya_Tatu:

Nimerudi wakuu, asanteni sana. Kwanza maelezo ya solo kujifuta yamenifungua akili. Nimechukua wimbo ambao soprano niliiweka kushoto tupu na besi kulia tupu, zote mbili zikasikika masikio yote, kwa sauti ndogo. Ni kama mlivyosema.

Hedifoni yangu ni ya mistari miwili. Nimejaribu nyingine mbili, tatizo lipo palepale, na zote tatu kwenye kompyuta ni nzima. Kwenye tundu kumetoka donge la nyuzi za rangi ya shati la sare, sikutegemea. Baada ya hapo pini inaingia zaidi na mlio wa "tak" upo. Kuzungusha hakuna mkwaruzo. Ila nikiegemeza pini kuelekea kwenye kioo, kushoto kunakatika, na nikiegemeza upande wa pili solo inapotea. Naweza kuona tundu lenyewe likitikisika ndani ya ganda.

Nina kijana wa besi anasoma umeme VETA, chuo cha ufundi, ana chuma cha kulehemu na multimita ya kupimia umeme. Yuko tayari. Tufungueje bila kuharibu?

Kibano:

Vizuri sana. Kama unaliona likitikisika, lehemu imepasuka.

MP3 nyingi za aina hiyo hazina skrubu za nje, zimebanwa kwa meno ya plastiki. Tumia kadi ya benki iliyokwisha muda au kipande kingine cha plastiki kigumu, ingiza kwenye mstari wa maungio, anzia upande ulio mbali na tundu na mbali na kioo. Toa memori kadi kwanza, ukiisahau ganda litagoma na utaivunja. Ukisikia meno yanaachia, usifungue kwa mkupuo, huenda kuna waya unaounganisha pande mbili.

Betri ni ile laini ya lithiamu iliyofungwa kwenye karatasi ya fedha. Hiyo iheshimuni. Msiichomeke bisibisi chini yake, msiikunje, na chuma cha moto kisiisogelee. Nyaya zake mara nyingi zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Piga picha, kisha toa waya mmoja tu, ule mwekundu, uufunge ncha kwa tepu ndipo mwende kwa mweusi. Ncha mbili zikigusana ni cheche.

Lakini kabla ya kutoa betri kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Ganda likiwa wazi, chomeka hedifoni, washa wimbo, laza bodi mezani ili pini isisogee, kisha bonyeza mwili wa tundu kwa kijiti cha meno. Sauti ikibadilika wakati pini haijaguswa, tatizo liko chini ya tundu.

Baada ya hapo tazameni miguu ya tundu kwa kamera ya simu mkiikuza. Lehemu iliyopasuka ina mduara mwembamba mweusi kuzunguka mguu, wakati mwingine nywele tu. Ile nzima inateremka kwa mteremko laini kutoka mguuni hadi kwenye bodi.

Mvita_Kale:

Bwana fundi, nimefungua yangu sambamba na mwalimu. Mduara nauona kwenye miguu miwili ya mbele, karibu na mdomo wa tundu. Na mguu mmoja wa nyuma naona umeinuka na kipande cha shaba chini yake. Hilo lanitia wasiwasi.

Kibano:

Mvita usiguse huo mguu wa nyuma kwanza. Hiyo ni kazi ya pili, tutakuja kwako tukimaliza ya mwalimu.

Mwalimu, mwambie kijana wako hivi.

Lehemu ya kiwandani siku hizi haina risasi ndani yake, na inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ile ya zamani ya bati na risasi, 63 kwa 37, inayeyuka kwenye 183. Asijaribu kuyeyusha ile ya kiwandani peke yake hadi bodi iungue. Apake flaksi, ile dawa inayosaidia lehemu kushika, kwenye kila mguu, aongeze tone la lehemu mpya ya risasi, zichanganyike, kiwango cha kuyeyuka kinashuka na kazi inakuwa nyepesi. Ncha ya chuma iwe kwenye 320 mpaka 350, kila mguu sekunde mbili au tatu, anyanyue, apumzike, ndipo aende kwenye mguu mwingine. Ile miguu minene ya pembeni inayoshikilia tundu imeungana na shaba kubwa ya ethi, inanyonya joto, kwa hiyo itataka muda zaidi kidogo. Watu wengi hukosea hapo kwa kuridhika na lehemu iliyokaa juu juu bila kushika.

Achomeke pini ya hedifoni mbovu ndani ya tundu wakati analehemu. Plastiki ya tundu ikilainika kwa joto, pini hiyo itazishika ndimi mahali pake. Pini nzima asiitumie kwa kazi hiyo.

Kama lehemu ya zamani ni chafu, aifyonze kwanza kwa utepe wa shaba, kisha aweke mpya. Kuongeza mpya juu ya iliyopasuka bila flaksi kunaufunika ufa tu, na ufa utarudi. Mkimaliza, brashi ya meno ya zamani na alkoholi, sugueni flaksi yote itoke. Dirisha liwe wazi maana moshi wa flaksi unakera mapafu, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula.

Kisha multimita kabla ya kurudisha betri. Chukueni waya wa hedifoni mbovu wenye pini, kateni, choneni. Nyuzi za ndani zina rangi: mara nyingi nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, na ya shaba tupu ni ethi. Hizo rangi ni varnishi, hazipitishi umeme mpaka uichome kwa ncha yenye lehemu. Chomekeni pini, wekeni multimita kwenye mlio, gusa uzi mmoja na mguu wake kwenye bodi huku mtu mwingine anaegemeza pini kila upande. Mlio ukikatika hata mara moja, hamjamaliza.

Spea_Kwanza:

Mkuu nakubali kwamba inatengenezeka, lakini swali langu bado lipo. Hizi zikilehemiwa zinarudi tena baada ya muda mfupi. Nimeona nyingi. Ndiyo maana nilisema anunue.

Kibano:

Swali zuri na nimefurahi umeliuliza, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Zinarudi kwa sababu mafundi wanatibu ufa na kuacha kilichouleta. Pini ikiwa ndani ya tundu ni wenzo. Waya ukivutwa au kifaa kikianguka kikiwa na pini, nguvu yote inayowekwa nje inafika kwenye vitone vya lehemu vidogo kuliko punje ya mchele. Lehemu kazi yake ni kupitisha umeme. Ni metali laini, ukiipinda kidogo kila siku inachoka na kupasuka. Kwenye kifaa kilichoundwa vizuri mzigo huo unabebwa na ganda: mdomo wa tundu umeingia kwenye shimo la ganda ukabana, na nyuma yake kuna nguzo ya plastiki inayolizuia lisirudi. Nguzo ikivunjika au shimo likipanuka, mzigo wote unahamia kwenye lehemu, na hata ulehemu kwa ustadi gani utapasuka tena.

Kwa hiyo mimi sirudishi kifaa kwa mteja mpaka niwe nimejua nini kinalishika tundu. Mwalimu, tazama ndani ya ganda mahali tundu linapokaa. Kama kuna nguzo iliyovunjika au nafasi, jaza. Gundi ya mirija miwili inayochanganywa ndiyo yenyewe. Changanya kidogo, kwa ncha ya kijiti paka pembeni mwa mwili wa tundu na kwenye bodi, pande mbili na nyuma. Isifike kwenye mdomo wala kwenye upenyo wowote ambao unaona ndimi za chuma. Achieni ikauke usiku kucha kabla ya kuchomeka pini.

Juma_wa_Nyaya:

Kwa nini msitumie supagluu, inakauka hapohapo?

Kibano:

Juma hapana, tafadhali. Supagluu ni nyepesi mno, inatambaa yenyewe kwenye nafasi nyembamba na kuingia ndani ya tundu. Ikifika kwenye ndimi inakauka juu yake, na haipitishi umeme. Nimepokea matundu ambayo lehemu ilikuwa nzima kabisa na kilichoyaua ni supagluu. Ile gundi ya moto ya kijiti nayo inalainika kifaa kikiachwa juani ndani ya gari, na haishiki vizuri kwenye bodi yenye mafuta ya flaksi.

Sauti_ya_Tatu:

Wakuu, imeimba! Kijana amelehemu miguu yote, si ile miwili tu iliyoonekana. Kwa multimita mlio haukukatika hata tulipoegemeza pini kila upande. Solo ipo, kushoto kupo, kulia kupo. Kwenye ganda tulikuta kinguzo kidogo kimevunjika, kipande chake kilikuwa kinazunguka humo ndani. Tumepaka gundi ya mirija miwili kama ulivyosema, na tumeiacha hadi asubuhi.

Fundi, ninachokithamini zaidi ni kwamba sasa najua kilichotokea. Kijana naye anasema darasani walifundishwa kulehemu lakini hakuna aliyewaambia habari ya mzigo.

Swali moja: kwa kuwa hii inapitia mikono mingi, nifanyeje idumu?

Kibano:

Hongereni sana, na kijana mpe heshima yake, kulehemu miguu yote ndiyo kazi kamili.

Kwa matumizi yako, nunua waya mfupi wa kuongezea, wenye pini ya kona upande mmoja na tundu upande mwingine. Chomeka pini ya kona kwenye MP3 na usiichomoe tena. Funga waya huo kwenye kibanio cha nyuma kwa mpira au uzi, ili ukivutwa mvuto uishie kwenye kibanio. Watu wako watachomeka na kuchomoa kwenye tundu la waya. Likichoka, unanunua waya mwingine, bodi haijui kilichotokea. Pini ya kona ni bora kwa sababu haisimami nje, wenzo wake ni mfupi.

Mzee_wa_Mawimbi:

Vijana, mimi nina kiredio kinachosoma USB na kadi. Nikichomeka hedifoni kinaimba safi. Nikichomoa, spika haisemi kitu. Nimeambiwa spika imeungua. Je, ni ndugu wa tatizo hili?

NyayaMbili:

Shikamoo mzee. Ni ndugu kabisa, na kuna uwezekano mkubwa spika yako ni nzima.

Ndani ya tundu la redio kuna swichi ndogo. Pini ikiwa nje, ulimi umelalia kipande kingine cha chuma na sauti inakwenda kwenye spika. Pini ikiingia inausukuma ulimi, mguso unaachana, spika inanyamaza. Ulimi ukibaki umesukumwa, au pale unapolalia pakiingia kutu na vumbi, redio inadhani hedifoni ipo muda wote. Zima, toa betri, tia spiriti kidogo kwenye pini, chomeka na kuchomoa mara nyingi kwa haraka, acha ikauke vizuri. Mara nyingi hilo linatosha. Ikigoma, fundi apime kwa multimita mguu wa ulimi na mguu wa spika pini ikiwa nje: lazima multimita ilie. Usilipie spika mpya kabla ya kipimo hicho.

Mzee_wa_Mawimbi:

Marahaba. Spika imesema, inakwaruza kidogo lakini imesema. Nitarudia tena kesho. Mungu awabariki.

BintiPangani:

Kaka Kibano, mimi nina iPod video ya 30GB, kizazi cha tano, ile iliyotoka mwaka 2005. Niliinunua ikiwa imeshatumika sana. Sikio la kulia linakuja ukibonyeza pini tu. Nikiwa na chuma cha kulehemu nifuate njia ya mwalimu?

Kibano:

Dada hapana, hiyo imejengwa tofauti kabisa. Kwenye iPod hiyo tundu halikulehemiwa kwenye bodi kuu. Limefungwa kwa skrubu kwenye ganda la nyuma la chuma, pamoja na ile swichi ya kufungia vitufe, na vyote viwili viko kwenye utepe mmoja wa flekisi unaokwenda hadi kwenye bodi. Utepe huo ni plastiki nyembamba, chuma cha moto kinaukunja na kuziua njia za shaba. Unabadilishwa mzima, hakuna kulehemu.

Unaponunua angalia unene wa mashine. Ganda jembamba ni la 30GB, nene ni la 60 na 80GB, na tepe zake haziingiliani.

Kufungua ndiko kunakoua nyingi. Usilivute ganda la nyuma kwa mkono baada ya meno kuachia, lifungue taratibu, liweke ubavuni, maana tepe mbili zinaliunganisha na mbele. Ya kwanza ni ya betri: kishikio chake kwenye bodi ni kidogo na dhaifu, kinanyanyuliwa kidogo tu kwa ncha ya plastiki, utepe unatoka bila nguvu. Ukikitoa kizima umebaki na kazi kubwa kuliko tundu. Ya pili ni ya tundu, ambayo unaipata ukinyanyua diski. Ikishatoka, ganda liko huru, fungua skrubu za tundu na za swichi, ubandue utepe pole pole kwa sababu una gundi.

Utepe mpya uujaribu kabla hujabana ganda. Apple iliacha kuuza iPod classic mwaka 2014, na Mei 2022 ikatangaza mwisho wa iPod zote, kwa hiyo tepe zilizopo sokoni ama ni za viwanda vingine ama zimetolewa kwenye mashine zilizokufa. Nyingine huja na ndimi zilizolegea tangu kwenye mfuko. Chomeka pini yako, izungushe, iegemeze, sikiliza pande zote mbili, na jaribu swichi pia. Ukiridhika ndipo ubane.

BintiPangani:

Ahsante kaka, umeniokoa. Chuma kilikuwa tayari kwenye moto.

Mvita_Kale:

Bwana fundi, zamu yangu. Ule mguu wa nyuma, kipande cha shaba kimeinuka nao. Nikiugusa wacheza. Nimemaliza?

Kibano:

Hujamaliza, ila usirudie kuugusa. Hiyo ni pedi iliyobanduka kutoka kwenye bodi, aghalabu kwa sababu tundu lilitikiswa muda mrefu, au mtu aliwahi kulivuta lehemu ikiwa haijayeyuka. Pedi yenyewe hairudi mahali pake kwa gundi ikabeba kazi. Unatafuta njia yake ilikokuwa inakwenda, unaruka kwa waya.

Ukiifuata njia ya shaba kutoka kwenye pedi utakuta inaishia kwenye kijidude kidogo cha kwanza, kapasita au kizuizi cha masafa. Waya wa kuruka uwe mwembamba sana, wenye varnishi: uzi mmoja kutoka kwenye hedifoni mbovu unafaa. Choma varnishi kwenye ncha, lehemu ncha moja kwenye mguu wa tundu, nyingine kwenye upande wa kile kijidude unaotazama tundu. Usilehemu upande wa pili wake, utakuwa umekiruka. Njia ikiwa imekatika katikati na hufiki kwenye kijidude, kwangua rangi ya kijani juu ya njia kwa ncha ya wembe mpaka shaba ing'ae, lehemu hapo.

Waya ukishakaa, uushike na tone la gundi ya mirija miwili katikati ya safari yake, na mwili wa tundu uupake gundi kama wa mwalimu, tena wewe zaidi, kwa kuwa umepoteza mguu mmoja wa kulishikilia.

Lakini kabla ya yote hayo toa betri, weka multimita kwenye mlio, upime ule mguu wa nyuma na ncha ya pini, kisha pete, kisha shina, ujue mguu huo ni wa nini. Matundu mengine yana miguu mitano, na miwili kati yake ni ya swichi ambayo MP3 yako huenda haiitumii. Ukikuta ni wa swichi na njia yake haiendi popote, huna haja ya waya wowote. Tuma vipimo na picha ya bodi pande zote mbili, nikuonyeshe pa kushika.